Mtihani wa DELF: Namna ya Kumsaidia Mwalimu wa Kifaransa Kujiandaa

Mwalimu wa Kifaransa aghalabu huwa peke yake shuleni. Mwenzake wa Hisabati akikwama huuliza katika ofisi ya walimu akajibiwa. Yeye hana wa kuzungumza naye lugha anayoifundisha. Miaka ikipita, sarufi hubaki kichwani kwa kuwa huifundisha kila siku, lakini sikio na ulimi hupoteza wepesi. Upungufu huo huwafikia wanafunzi, kwa sababu kwa wengi wao sauti ya mwalimu ndiyo Kifaransa pekee wanachokisikia. Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanachama wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hutumia lugha hiyo katika shughuli rasmi. Kijana anayeimudu hufunguliwa milango ya biashara, ukalimani na utalii.

Njia mojawapo ya mwalimu kupima na kuinua umahiri wake ni mtihani wa DELF. Makala haya yanaeleza mtihani huo ulivyo na msaada ambao shule na wakazi wa kata wanaweza kuutoa.

DELF ni nini?

DELF ni stashahada ya lugha ya Kifaransa inayotolewa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa kwa wasemaji wa lugha nyingine. Ilianzishwa mwaka 1985. Ina ngazi nne: A1, A2, B1 na B2. Ngazi za juu zaidi, C1 na C2, hupimwa kwa mtihani uitwao DALF. Mtahiniwa halazimiki kuanzia chini. Huchagua ngazi inayomfaa. Akifaulu, stashahada yake haina ukomo wa muda.

Alama hutolewaje?

Kila ngazi ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 25, jumla 100. Ili kufaulu, mtahiniwa hupaswa kupata angalau alama 50, na asipungukiwe alama 5 katika sehemu yoyote.

Sharti hilo la pili ndilo la kuzingatiwa. Tuseme mwalimu amepata 20 katika kusoma, 17 katika kuandika, 12 katika kuzungumza na 4 katika kusikiliza. Jumla yake ni 53, lakini hakufaulu, na atalazimika kurudia sehemu zote nne. Kwa hiyo, mwalimu anayetumia miezi ya maandalizi kurudia sarufi anayoijua huongeza alama pale ambapo hazikupungua.

Maandalizi yaelekezwe wapi?

Kusikiliza kupewe nafasi kila siku. Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, RFI, hurusha taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na matini yake hupatikana kwenye intaneti. Mwalimu asikilize mara ya kwanza bila matini, aandike aliyoyaelewa, kisha alinganishe. Katika ngazi ya B2 baadhi ya rekodi husikika mara moja tu, asiyezoea hupitwa.

Kuzungumza kunahitaji mtu wa pili. Katika B2 mtahiniwa huandaa hoja kwa dakika 30, kisha huzitoa na kuzitetea mbele ya watahini kwa dakika zipatazo 20. Stadi hiyo haipatikani kwa kusoma kimyakimya. Hapa ndipo wakazi wa kata wanapohitajika. Katika mitaa na vijiji vyetu wamo watu waliosoma au kufanya kazi Burundi au Kongo. Mkazi wa namna hiyo akikubali kuzungumza na mwalimu saa moja kwa juma, amempa msaada ambao kitabu hakiwezi kuutoa.

Kuandika katika B2 kunadai insha ya hoja isiyopungua maneno 250 ndani ya saa moja. Mwalimu aandike kwa kutazama saa, na kazi yake isahihishwe na mwalimu wa Kifaransa wa shule nyingine.

Wajibu wa shule

Mkuu wa shule anaweza kupanga ratiba ili mwalimu apate vipindi viwili mfululizo vya kujisomea kila juma. Walimu wa Kifaransa wa shule jirani wanaweza kukutana kupitia utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), wakazungumza Kifaransa kitupu na kutahiniana kwa mitihani ya mfano, ambayo hupatikana bure kwenye intaneti. Bodi ya shule nayo inaweza kujadili namna ya kuchangia ada na nauli.

Usajili hufanyika katika vituo vilivyoidhinishwa, kama vile Alliance Française ya Dar es Salaam. Mwalimu aulize mapema tarehe, ada na ngazi zitakazotahiniwa, kwa kuwa mitihani hufanyika kwa vipindi maalumu.

Mkazi unayezungumza Kifaransa na uliye tayari kusaidia, unaombwa ujitambulishe kwa Mkuu wa shule iliyo karibu nawe au kwa Afisa Elimu Kata.