Safari ya Minara: Wana-Same Wahesabu Maji Kabla ya Mafuta

Na Mwandishi Wetu, Same

KIKUNDI cha kuweka na kukopa cha mjomba wangu, mkulima wa tangawizi huko Pare Kusini, kimekaa tena kupanga safari ya Tanga na Pangani. Safari ya kwanza ilikula fedha nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na baadhi ya wanachama 12 bado hawajasahau. Fedha hizo si za msaada. Ni akiba ya mauzo ya tangawizi, na zikiyeyuka mara ya pili, huenda kikundi chenyewe kikavunjika.

Wanachokitaka ni kitu cha haki kabisa. Kwa miaka mingi wameshusha magunia hadi barabara kuu na kuyaona yakipakiwa kwenda masoko ya mbali. Sasa wanataka waifuate barabara hiyo hadi mwisho wake, wauone mnara wa taa ya meli na bahari yenyewe.

Kosa la kwanza

Mara ya kwanza walipiga hesabu kama wafanyabiashara wa nchi kavu: umbali, mafuta, chakula, malazi. Walifika Tanga salama, na kesho yake saa 4 asubuhi wakawa ufukweni tayari kwenda kisiwa cha Ulenge, penye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani. Wakaikuta mashua imekaa juu ya matope. Maji yalikuwa yamekupwa, na nahodha akawaambia wasubiri hadi alasiri. Waliporudi kutoka kisiwani jua lilikuwa limezama, na safari ya Pangani ikaahirishwa.

Msomaji atauliza: siku moja ina gharama gani? Kwa watu 12 wanaolala wawili wawili, ni vyumba 6 na milo 36 ambayo haikuwamo katika bajeti. Linganisha na mafuta. Mzunguko mzima wa safari hiyo ni kilomita 600 na ushei. Basi dogo linalotumia lita 1 kwa kilomita 10 litakunywa lita 60 hivi, yaani lita 5 kwa kila msafiri. Hapo ndipo ilipo siri ya soko la utalii wa pwani: barabara ni rahisi, kungoja ndiko ghali.

Kalenda ya mwezi

Bahari ya mwambao hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hupwa karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa karibu na saa 10 au saa 11 alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa hizo hugeuka.

Kwa hiyo tarehe haichaguliwi kwa likizo au mwisho wa mwezi wa mshahara. Ulenge, kisiwa cha mikoko, hutaka maji mengi ili mashua ifike. Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu kilicho nje ya Pangani, hutaka maji machache, kwa kuwa maji makubwa hukifunika. Katika siku za bamvua vyote viwili vinawezekana, mradi mpangilio uwe sahihi.

Ratiba mpya

Siku ya kwanza ni Same hadi Tanga, kama kilomita 250 kupitia Mombo, Korogwe, Segera na Muheza. Milima iko mkono wa kushoto, kwanza ya Pare kisha ya Usambara. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 inafuata uelekeo huo huo. Jioni kuna mapango ya chokaa ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini.

Siku ya pili asubuhi, wakati maji yamekupwa, ni zamu ya Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kilomita 17 kusini mwa Tanga. Saa 8 mchana wasafiri wanapanda mashua kwenda Ulenge. Wakiwa majini wataiona bandari ya Tanga, ambayo zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa kwa matishari. Uboreshaji ulioanza mwaka 2019, uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 400, uliongeza kina ili meli zifunge gatini. Kwa mkulima anayewaza soko la nje, somo hilo pekee linalipa nauli.

Siku ya tatu ni alfajiri kwenda Pangani, kilomita 50, ili Maziwe wafike maji yakiwa yamekupwa. Mchana watatembea katika mji alikonyongwa Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, Desemba 1889. Mto unaoingia baharini hapo ni ule ule unaotoka Nyumba ya Mungu na kupita chini ya milima ya Pare. Siku ya nne wanarudi kwa njia ya Muheza.

Ushauri kwa wengine

Kwanza, chagua siku za bamvua, kisha ndipo ukusanye michango. Pili, epuka masika, Machi hadi Mei, kwani barabara za mlimani huteleza. Na Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchafua bahari. Tatu, patana na nahodha kwa saa ya maji, si kwa saa ya ofisi, na mruhusu aahirishe akiona hatari. Nne, tenga akiba ya usiku mmoja. Isipotumika, irudishwe kwa wenyewe.

Mjomba ameikubali ratiba. Mweka hazina wa kikundi naye ametoa sharti moja: hakuna atakayechangia hata shilingi kabla kalenda ya mwezi haijabandikwa ukutani.