Mwanamke mbunifu: Je, Kiswahili kina jina la kazi yake?

Juma lililopita nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye nilimsimamia tasnifu yake ya uzamili. "Shikamoo, Mwalimu," alianza kwa adabu ya watu wa Pwani, maana kwao ni Kilifi. Nikaitikia marahaba. Alitaka nimsaidie kutafsiri sentensi moja. Yeye na wenzake wawili wanakusudia kusajili kampuni, na wameamua maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Mfano wanaouiga ni kampuni ya Marekani iitwayo Brit + Co.

"Ni sentensi moja tu, Mwalimu," akanihakikishia. Nikamwahidi jibu baada ya dakika kumi. Dakika hizo zikawa siku nne, na katika makala haya ninaeleza kilichonikwamisha.

Kwanza tuijue kampuni yenyewe. Brit + Co ilianzishwa mwaka wa 2011 jijini San Francisco na Brit Morin, mwanamke aliyekuwa ameacha kazi Google. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza. Kizazi chake kilikuwa kikishinda mbele ya skrini, vidole vikibofya mchana kutwa, lakini wengi hawakujua kupika mlo wa wageni, kushona pazia wala kukipaka rangi kiti cha zamani kikapendeza. Akaitumia intaneti hiyo hiyo kuwarudisha kwenye kazi za mikono. Mtandao wake ukajaa mapishi, mapambo ya nyumba, mavazi na ufundi mdogo mdogo, yote yakielezwa kwa sauti ya rafiki anayezungumza na rafiki. Fedha zilitokana na makampuni yanayotangaza bidhaa zao humo pamoja na mafunzo ya mtandaoni ya kulipia. Mwaka wa 2020 Morin alianzisha Selfmade, mafunzo ya kuwasaidia wanawake kuanzisha biashara zao wenyewe.

Hakuwa wa kwanza. Martha Stewart alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba upishi, bustani na utandikaji wa meza vinaweza kuwa mali. Jarida lake lilianza mwaka wa 1990, na kufikia 1999 hisa za kampuni yake zilikuwa zikiuzwa katika soko la hisa la New York. Tofauti ni kwamba Morin alikuja na lugha ya watu wa teknolojia.

Kwa mtu wa lugha, hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka wa 2015 Morin alichapisha kitabu alichokiita Homemakers. Neno hilo la Kiingereza ni la zamani, na wanawake wengi wasomi walikuwa wamelikimbia kwa sababu lilinuka jikoni. Lakini lichunguze: ndani yake mna kitenzi cha kutengeneza. Huko kwenye karakana za teknolojia, watu wanaounda vitu kwa mikono yao walikuwa wakijiita kwa neno linalotokana na kitenzi hicho hicho, nao wakiheshimiwa kama wavumbuzi. Morin hakuunda neno jipya. Alilichukua lililodharauliwa, akalipangusa vumbi, akawaonyesha wanawake kwamba heshima ilikuwa imo humo tangu zamani.

Sasa hebu turudi nyumbani. Sisi tunamwitaje mwanamke huyo? Tunamwita mama wa nyumbani. Tazama muundo wa kirai hicho. Hakina kitenzi. Kinatuambia mtu huyu ni nani na anapatikana wapi, basi. Anachokifanya huko nyumbani hakitajwi. Mkulima analima, mvuvi anavua, mshoni anashona. Mama wa nyumbani yuko nyumbani.

Msomaji asidhani ninacheza na maneno. Nilizaliwa Ukambani, na mama yangu alisuka vyondo. Alisokota nyuzi za katani kwenye paja, akasuka akitembea kwenda mtoni, akasuka akirudi, akasuka usiku tukisimuliwa ngano. Mchuuzi alipita kila mwisho wa mwezi kuvinunua kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Karo yangu ya shule ya upili ilitoka humo. Siku niliyopelekwa kuanza kidato cha kwanza, karani alisoma fomu kwa sauti: kazi ya baba? Karani alipotajiwa, akaandika. Kazi ya mama? Kabla hatujajibu, alikwisha kuandika: "Hana." Mama alikuwa amesimama hapo, fedha za karo zimefungwa kwenye ncha ya leso yake. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema, ingawa nilijua kusoma.

Nilipokuwa nikihangaika na sentensi ya mwanafunzi wangu, fomu hiyo ilinirudia. Niliogopa kuandika nyingine kama hiyo, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi tuyapime maneno, moja baada ya jingine. "Dijitali" halina shida. Tangu televisheni zetu zilipohamishiwa mfumo huo mwaka wa 2015, hata nyanya zetu vijijini wanalitamka bila kujikwaa.

"Mtindo wa maisha" nalo lina shida ambayo wengi hatujaitambua. Katika magazeti yetu kirai hiki kimezoeleka zaidi kwenye kurasa za afya, kikiandamana na kisukari na shinikizo la damu. Tunazungumza kila siku kuhusu maradhi ya mtindo wa maisha. Ukimwambia mtu una kampuni ya mtindo wa maisha, huenda akakuuliza kama mnapima sukari. Isitoshe, "mtindo" ni neno la mavazi na nywele, jambo la msimu. Upishi wa pilau au ususi wa mkeka si mambo ya msimu.

"Kampuni ya habari" linapotosha vilevile. Habari kwetu ni matukio: nani kasema nini, nani kashinda uchaguzi. Anayekufundisha kudarizi foronya hakupi habari. Vijana siku hizi husema wanazalisha "maudhui". Ninalikubali, japo sisi walimu wa fasihi tuliozoea kutenganisha fani na maudhui linatuchekesha kidogo. Mkeka mzuri, au pilau iliyokolea, fani yake ndiyo maudhui yake.

Linabaki "wabunifu", na hili ndilo gumu. Ubunifu ni neno zuri. Mtaala wa umilisi umelitia katika orodha ya umilisi saba wa kimsingi, kwa hivyo watoto wetu wanalisikia tangu chekechea. Lakini kitenzi "kubuni" kina nyuso mbili. Kubuni ni kuvumbua, na pia ni kuzua jambo lisilokuwepo. Hadithi ya kubuni haikutokea. Ushahidi wa kubuni unaweza kukupeleka jela. Tena, katika matumizi yetu, mbunifu ni mtu wa wazo: anachora, anapanga, halafu mwingine ndiye anayechafua mikono. Mbunifu wa mavazi ana jina lake kwenye lebo. Aliyekaa kwenye cherehani hana.

Mgawanyiko huo ndio unaonitia hofu. Tukisema kampuni hii ni ya wanawake wabunifu, mama yangu yumo au hayumo? Vyondo vyake havikuwa na michoro ya karatasi. Mistari, rangi na hesabu za nyuzi zilikuwa kichwani. Alibuni na akasuka kwa wakati mmoja. Kiswahili cha ofisini kinamwita mtu wa "kazi za mikono", kana kwamba mikono hiyo haikuwa na kichwa juu yake.

Nilipofika hapo nikaanza kuchokora hazina ya lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeishi na wanawake mafundi karne nyingi. Uswahilini kuna ukili, ule ukanda wa miyaa unaosukwa kisha ukaunganishwa kuwa mkeka. Kuna kudarizi. Kuna ususi, neno moja linalobeba nywele na mikeka pamoja. Kuna somo na kungwi, wanawake wanaomfunda msichana jinsi ya kuishi.

Hata hili la mwanamke kuwaandikia wanawake mambo ya maisha ya kila siku halikuanzia California. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wenye mawaidha ya dini, heshima, usafi na utunzaji wa nyumba mnamo 1858. Kuna mengi humo ambayo binti wa leo atayapinga, hasa kuhusu utiifu kwa mume, na ana haki. Lakini kule kumkalisha mtu chini, mwanamke kwa mwanamke, kwa sauti ya karibu, ndiko kunakoifanya Brit + Co ivutie.

Leso nayo ni chombo cha mawasiliano kilichotangulia skrini. Mombasa imekuwa ikiuza leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla tangu karne ya kumi na tisa. Wanawake wamezitumia kusifu, kuonya na kurushiana vijembe bila kufungua kinywa. Wao ndio waliozipa uhai. Faida, hata hivyo, mara nyingi iliishia kwenye droo ya mwenye duka. Ndiyo sababu nilimwonya mwanafunzi wangu asiige kila kitu. Kampuni za aina hii huishi kwa matangazo, na tangazo likivishwa sauti ya shoga yako hulitambui. Kama mmelipwa kusifu sufuria, andikeni wazi kwamba mmelipwa. Na msusi mkimpiga picha akifanya kazi, mtajeni jina na mumlipe.

Siku ya nne nilimpigia. Nikampendekezea: "Jarida la mtandaoni la wanawake mafundi wa maisha ya kila siku."

Akacheka. "Mwalimu, fundi si ni yule wa mabomba? Watu watatupigia tuzibue sinki!"

Nikamkumbusha kwamba "fundi" lina undugu na "kufunda". Fundi ni mtu aliyefundwa kazi hadi ikamkaa mkononi, na ambaye naye anaweza kumfunda mwenzake. Hakuna sheria ya sarufi inayosema lazima awe mwanamume mwenye spana. Ngeli yenyewe haijali jinsia. Ni sisi wa mijini tuliolifungia neno hilo kwenye mjengo na gereji. Tena linaunganisha tulichokitenganisha: fundi hufikiri na hutenda. Na kwa kuwa fundi hulipwa, hakuna anayeona ajabu akitaja bei yake.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi yangu husuka mikeka. Sijawahi kumwita fundi."

"Mwite leo," nikamwambia, "halafu umwulize bei."

Sidai kwamba neno moja litaongeza bei ya kiondo sokoni. Mchuuzi wa mama yangu asingelipa zaidi kwa sababu ya nomino. Lakini bei haijadiliwi kabla ya kazi kutambuliwa kuwa ni kazi, na karani haandiki asicho na jina lake. Morin alilipangusa neno la Kiingereza na kampuni ikasimama. Letu tunalo tayari; kilichobaki ni kulitumia kwa wote wanaolistahili.

Mwanafunzi wangu bado anashauriana na wenzake. Nimemwambia wasipolikubali pendekezo langu sitanuna, mradi neno watakalolichagua liwe na kitenzi ndani yake. Mama yangu sasa macho yamepungua nguvu na hasuki tena. Wajukuu walipojaza fomu za bima yake ya afya hivi majuzi, walifika kwenye kazi wakanitazama. Nikaichukua kalamu nikaandika mwenyewe: "Fundi wa vyondo, amestaafu."