Si Kila Tishio ni "Virusi": Uainishaji wa Matishio ya Tarakilishi kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika maduka ya huduma za mtandao ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, ambayo wengi huyaita saiba, neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno mengi. Tarakilishi ikizorota, ina virusi. Faili zikitoweka, ni virusi. Hata mtu aliyeibiwa neno siri la barua pepe huambiwa ameingiliwa na virusi. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba mazoea haya si kasoro ndogo ya msamiati, kwa kuwa jina la tishio ndilo linaloamua tiba yake.

Mwandishi ana ushahidi wa kusikitisha. Alipokuwa akiandaa tasnifu yake ya fasihi simulizi, alipeleka flashi yake katika saiba moja ili achapishe sura mbili. Faili zote zilionekana kugeuka alama za njia ya mkato. Mhudumu alitamka "virusi", akaifuta flashi nzima kwa nia njema. Baadaye ilibainika kwamba programu za aina hiyo huficha faili halisi na kuweka alama za uongo mahali pake, ili mtu akizibofya zisambae zaidi. Kwa kawaida faili zenyewe hubaki salama. Kilichoziangamiza ni tiba. Mahojiano na wazee watano yalipotea, na mmoja wa wazee hao hayupo tena duniani.

Haja ya lugha moja

Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyoandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ilijinakili na kulemaza maelfu ya tarakilishi. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba hapakuwa na chombo cha kuwaunganisha wataalamu. Mwezi huohuo, kituo cha CERT kiliundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, na kikawa kielelezo cha vikosi vya kukabiliana na matukio ya usalama. Kenya nayo ina kikosi chake cha kitaifa, KE-CIRT/CC, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Vikosi vikiwa vingi, lugha ikawa tatizo. Mwaka wa 1998, John Howard na Thomas Longstaff walipendekeza lugha moja ya kuelezea matukio haya. Walisisitiza kwamba makundi yasiingiliane, yasiache kitu nje, na yaeleweke kwa namna moja na kila anayeyatumia. Kisha wakalichanganua tukio katika sehemu saba: mshambulizi, zana, udhaifu, kitendo, shabaha, matokeo na lengo. Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kuona kwamba huu ni uchanganuzi wa sentensi: nani alitenda nini, kwa kifaa gani, dhidi ya nani, kwa sababu gani.

Umbo na upatanisho

Sarufi yetu inao mjadala unaofanana na huu. Wataalamu wa awali wa lugha za Kibantu, kama vile Bleek na Meinhof, walizipanga nomino kwa kuzingatia viambishi vyake vya mwanzo. Mtazamo wa baadaye ukauliza nomino hupatanishwaje na maneno mengine katika sentensi. Tukisema "kiboko amelala" na "kiboko kimekatika", umbo ni lilelile, ilhali wa kwanza ni mnyama na cha pili ni mjeledi. Upatanisho ndio unaotufichulia tofauti.

Vivyo hivyo, faili kutoweka ni umbo tu. Huenda zimefichwa, zimefungwa ili mwenyewe adaiwe fedha, au zimefutwa na mtu aliyeiba neno siri. Kikosi makini huainisha tukio kwa athari yake na hatua inayolifaa. Makundi makuu ni haya:

(a) Programu hasidi. Hapa ndipo virusi halisi huingia, yaani programu inayojipachika ndani ya programu nyingine. Hatua ya kwanza ni kukitenga kifaa, kuhifadhi nakala ya kilichomo, kisha kukisafisha.

(b) Uingiliaji. Mtu asiyeruhusiwa ameingia katika mfumo. Mlango alioupitia hutafutwa na kufungwa, na maneno siri hubadilishwa.

(c) Uzuiaji wa huduma. Mfumo hufurikishwa maombi mengi hadi ushindwe kuwahudumia wenye haki. Maombi hayo huchujwa.

(d) Ulaghai. Mtu hudanganywa atoe siri zake, au laini yake ya simu husajiliwa upya na mwizi. Kusafisha tarakilishi hapa hakusaidii. Mwathiriwa aipigie simu benki au kampuni ya simu mara moja.

Mfano wa eCitizen

Mwezi wa Julai 2023, jukwaa la serikali la eCitizen lilitatizika, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Wananchi wengi walihofu kwamba data zao zimeibwa. Serikali ilikiri kwamba jukwaa lilishambuliwa, lakini ikasema hakuna data iliyopotea. Kwa uainishaji wetu, tukio lililoelezwa ni la kundi (c): mlango ulizibwa, nyumba haikuvunjwa.

Tofauti hii ina uzito hata kisheria. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inamtaka mwenye mfumo kuripoti shambulizi ndani ya saa 24. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, pale data za watu zinapofikiwa na asiyeruhusiwa na kuwapo hatari ya madhara. Asiyeweza kutofautisha mlango uliozibwa na nyumba iliyovunjwa hawezi kujua ni sheria ipi inayomhusu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uainishaji mzuri huanza na swali "limefanya nini?" kabla ya "linaitwaje?" Kazi ya kuunda istilahi hizi haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Vyuo vikuu vya Dedan Kimathi mjini Nyeri na Karatina haviko mbali. Wanafunzi wa tarakilishi na wa Kiswahili wangeweza kuketi pamoja na kuandaa ukurasa mmoja wa makundi haya, ukabandikwa katika kila saiba ya eneo hili. Laiti mhudumu yule angekuwa na neno la pili mbali na "virusi", huenda sauti za wazee watano zingalikuwapo.