Shina la Mnanasi na Dawa ya Moto

Nani kati yetu hajaonja ule mchomo mdogo unaobaki ulimini baada ya kula nanasi kwa wingi? Watoto husema nanasi linawala ulimi, nao hawako mbali na kweli. Ndani yake mna kimeng'enya, jina lake bromelaini, chenye nguvu ya kukatakata protini, yaani kile ambacho nyama na ngozi zimejengwa nacho. Nanasi likipikwa, nguvu hiyo hufa.

Mwaka 1891 Vicente Marcano, mwanakemia wa Venezuela, aliitenga bromelaini kutoka katika tunda. Lakini tunda ni chakula, tena lina bei sokoni. Mwaka 1957 wataalamu walitangaza habari ya bromelaini ya shina. Shina hilo ndilo linalong'olewa na kutupwa shamba likiisha kuzaa, nalo linayo kwa wingi. Hapo takataka ikapata bei.

Mashina huoshwa, husagwa na kukamuliwa. Maji yake huchujwa na kuwekwa pahali pa baridi, kwa maana joto likizidi kazi yote ni bure. Kisha hutiwa alkoholi. Bromelaini hujitenga, nayo hukaushwa ikawa unga.

Unga huo wafaa nini? Tutaje jambo moja tu, lililo kubwa. Mtu aliyeungua vikali hubaki na ngozi iliyokufa juu ya kidonda, nayo huzuia kupona. Waganga wa hospitali huiondoa kwa kisu, na kisu hakichagui vema kati ya kilichokufa na kilicho hai. Dawa ya bromelaini iitwayo NexoBrid hupakwa kwa saa 4, ikaila ngozi iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Ulaya iliikubali mwaka 2012, Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima na mwaka 2024 kwa watoto.

Kwetu Kongo kazi hii ina ndugu yake. Upande wa Beni, wakulima hukwaruza mapapai mabichi yangali mtini na kukinga utomvu wenye papaini, ambao hukaushwa na kuuzwa ng'ambo.

Lakini asitokee mama wa kumpaka mtoto maji ya nanasi kidondani! Maji hayo yana vijidudu, wala kipimo chake hakijulikani. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, afunikwe kitambaa safi, apelekwe hospitalini.