Ndege wa Amani na Mashamba ya Chai

Msafiri atokaye Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, hupanda bonde la mto Sigi kwa njia ya kupindapinda hata afike penye mashamba ya chai. Huko chai imetandazwa kama mkeka, na msitu umesimama ukingoni. Mgeni huona yote ni kijani kimoja. Ndege hawaoni hivyo.

Tumtazame kwanza hondohondo, ndege mkubwa ambaye mvumo wa mabawa yake husikika kutoka mbali. Yeye hula matunda ya miti mirefu, na huruka juu ya chai bila taabu. Wakati wa kutaga, jike hujifungia katika tundu la mti, likazibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba tu. Dume ndiye amleteaye chakula. Pasipo mti mkubwa wenye tundu, hapana kizazi.

Lakini wako ndege wadogo wakaao kivulini, chini ya miti, nao huogopa mahali peupe. Yuko pia ndege mdogo wa kijivujivu, mwenye mdomo mrefu, aishiye katika mimea itambaayo iliyosokotana. Reginald Moreau alimgundua hapo Amani mwaka 1930. Duniani kote hajulikani ila Usambara na milima ya Njesi, kaskazini ya Msumbiji.

Tangu miaka ya 1980, mtaalamu William Newmark na wenziwe wamewanasa ndege wa Usambara kwa nyavu, wakawavisha pete miguuni na kuwaachilia. Imedhihirika kwamba msitu mdogo uliotengwa na misitu mingine hupoteza ndege wake, aina baada ya aina. Kwa ndege wa kivulini, shamba la chai ni kama bahari kwa asiyejua kuogelea.

Ndiyo sababu, baada ya hifadhi ya Amani kutangazwa mwaka 1997, msitu wa Derema nao ulitengwa uwe njia ya kuunganisha misitu. Humo wanakijiji walikuwa wamepanda iliki chini ya miti, nayo ndiyo iliyowapatia fedha. Katika miaka ya 2000 walilipwa fidia, wakaiacha. Basi njia ya ndege haikupatikana bure; jirani wa msitu ndiye aliyetoa shamba lake. Nasi wa mbali twafaidika, kwani mji wa Tanga hunywa maji ya mto Sigi, utokao katika milima hiyo hiyo.

Enyi vijana, mwenye kutaka kuwaona ndege hawa hapana budi aamke alfajiri, asimame kimya ukingoni mwa msitu, atumie sikio kabla ya jicho. Kila amwonaye na amwandike daftarini: siku, saa na mahali. Kisha amwulize mzee wa kijijini jina la ndege yule, na habari za shamba lililokuwa pale zamani.