Kandarasi ya IT imeisha? Jilipe mshahara

Kandarasi imeisha Ijumaa, na mteja mpya bado hajapiga. Ukifanya kazi za IT kwa kandarasi, miezi kama hii lazima ije. Shida huanza malipo ya mwisho yakiingia: unaona laki moja kwenye simu, unajiona tajiri.

Hiyo laki igawanye kwanza. Tuseme mwezi wako wa kujibana (kodi ya nyumba, chakula, tokeni za stima, bando) ni 25,000. Basi una miezi minne. Bakisha 25,000 kwenye simu, 75,000 zihamishe kwenye akiba, kisha jilipe kila tarehe 1 kama mwajiri. Bando usikate, kazi ijayo utaipatia huko huko.

Fuliza iwe ya dharura kweli. Ada huongezeka kadiri siku zinavyopita, na mteja akituma malipo ya kuanzia kazi, deni linakatwa kabla hujagusa shilingi.

Halafu kuna hii wengi husahau: mteja alikukata ushuru wa asilimia 5? Tafuta cheti chake kwenye iTax. Pesa hiyo inahesabiwa ukijaza ritani za mwaka uliopita, ambazo mwisho ni Juni 30, kazi iwepo isiwepo. Ukichelewa, faini inaanzia 2,000.