Hilbre, Kisiwa cha Kujaa na Kupwa

Hilbre ni kisiwa kidogo cha karibu hekta 5, kilichoko kwenye mlango wa mto Dee unaotenganisha England na Wales, na pamoja na jirani zake wawili walio wadogo zaidi, Middle Eye na Little Eye, huzungukwa na bahari maji yanapojaa na kuunganishwa na bara kwa mchanga mtupu yanapokupwa.

Kisiwa hiki ni mabaki ya jiwe-mchanga jekundu, yaani mwamba uliotokana na chembe za mchanga zilizoshikamana zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na upande wake wa magharibi, unaopigwa na mawimbi, umemomonyoka ukawa magenge, ilhali ule wa mashariki hushuka taratibu.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kina huweza kuzidi mita 8, na kisiwa hutengwa kwa hadi saa 5 katika kila saa 12. Kwa usalama wao, watembeaji huanzia mji wa West Kirby na kupitia Little Eye, badala ya kukata moja kwa moja penye matope na mikondo.

Kituo cha kupitisha habari za meli kilichojengwa mwaka 1841 bado kimesimama, lakini hakuna mkazi wa kudumu; utulivu huo ni hazina inayostahili kulindwa, kwa kuwa sili wa kijivu na maelfu ya ndege wa pwani huutegemea.